Kambare chotara wa kwenye kioo: tuulize mama ni nani

Matangazo ya samaki wa mapambo yanayozunguka kwenye simu za Malindi na Lamu yamebadilika sura. Awali yalikuwa ya samaki wa dhahabu na gapi, wa kuwekwa sebuleni au kwenye mapokezi ya hoteli. Siku hizi picha inayotangulia ni ya kambare: mwenye madoa kama chui, mwenye mkia mwekundu na mistari ubavuni, au mweupe pe mwenye macho mekundu. Chini ya picha pana jina la Kilatini lililoandikwa nusunusu, bei, na neno "adimu". Baadhi ya kambare hawa ni chotara, yaani mama ni wa spishi moja na baba wa nyingine, na habari hiyo ilipoanza kujulikana watu waligawanyika. Kuna wanaosema hao ni samaki wa maabara, wapigwe marufuku. Kuna wanaosema chotara ni tasa kama baghala, yule mtoto wa punda na farasi, hana kizazi, kwa hiyo hakuna la kuogopa.

Pande zote mbili zimeshika mkia zikaacha kichwa. Uchotara peke yake haumdhuru mnunuzi wala samaki. Yanayodhuru ni mambo mawili: chotara kuuzwa kwa jina la mzazi mmoja, na chotara kufugwa karibu na maji ambayo jamaa zake wanaishi humo. Jambo la kwanza linawasumbua wafugaji wa dunia nzima na limeandikwa sana. La pili ni letu hasa, nalo halisemwi, kwa sababu mjadala tumeupokea mzima kutoka Ulaya, ambako kambare wa nchi za joto akitupwa mtoni hufa kwenye baridi ya kwanza. Mto wetu wa Sabaki hauna baridi.

Tuanze na namna chotara anavyopatikana, maana neno "maabara" limewatia watu hofu isiyo na sababu. Kazi hii ni ileile ya kuzalisha kambare wa kula. Huchaguliwa jike aliyekomaa, mwenye tumbo laini lililojaa, akachomwa sindano ya homoni kwenye msuli wa mgongo, kando ya pezi. Homoni hiyo yaweza kuwa ni tezi ya pituitari ya samaki mwingine iliyosagwa, au ya kutengenezwa, na hii ya pili hutiwa kiasi cha nusu mililita kwa kila kilo ya samaki. Maji yakiwa na nyuzi 25 hadi 27 za Selsiasi, mayai huwa tayari baada ya saa 10 hadi 12. Jike hufutwa maji kwa kitambaa, kisha hukamuliwa tumbo taratibu juu ya bakuli kavu, na mayai hutoka kama uji wa mtama. Gramu moja ina mayai 600 hadi 700, kwa hiyo gramu 100 ni mayai elfu 60 au zaidi. Dume wa kambare wa kawaida, Clarias gariepinus, hakamuliki. Huchinjwa, korodani zikakatwakatwa na kukamuliwa ndani ya maji ya chumvi ya gramu 9 kwa lita, ambayo huyaweka manii yakiwa hai lakini yametulia. Yakishachanganywa na mayai, humiminwa maji safi, na hapo manii huamka na kuogelea kwa muda usiozidi sana dakika moja. Hukorogwa kwa unyoya wa kuku, kisha mayai hutandazwa kwenye wavu, tabaka moja tu. Vifaranga hutoka baada ya saa 24 hadi 36.

Makosa ya kazi hii yanajulikana. Tone la maji likiingia bakulini kabla ya manii, tundu dogo la kila yai linaloguswa hujifunga na yai hilo limepotea. Mayai yakitandazwa tabaka mbili, ya chini hukosa hewa, huoza na kuota ukungu, na ukungu huo huyapandia yaliyo mazima. Fundi akichelewa kukamua, mayai hupitiliza, na hata yale yanayotungishwa hutoa vifaranga vilemavu. Ninayaeleza haya ili ionekane kwamba hakuna jeni lililokatwa wala kupandikizwa. Uchotara huingilia bakulini, pale fundi anapoamua manii ya nani yamwagwe juu ya mayai ya nani. Mtoni spishi hutenganishwa zaidi na tabia kuliko mbegu: huyu hutaga mvua ya kwanza, yule mafuriko yakishashuka, huyu hutafuta majani yaliyofunikwa na maji, yule mwamba, huyu hamjali jike asiyenukia kama wa kwao. Bakuli halina mvua wala harufu wala uchumba. Ndiyo maana samaki ambao wangeweza kuishi mto mmoja milele bila kutazamana, huoana ndani ya dakika moja chini ya unyoya wa kuku.

Sasa kwa nini mtu ajisumbue? Kwa kambare wa chakula sababu ni nyama na kasi ya kukua. Wafugaji wa Nigeria huchanganya Heterobranchus na Clarias, na wa Brazil huchanganya Pseudoplatystoma na Leiarius kwa ajili ya soko la samaki wa kula. Kwa samaki wa mapambo sababu ni sura na jina, na hapa jamii inayohusika zaidi ni Synodontis, ambao wavuvi wa Ziwa Victoria upande wa Tanzania huwaita gogogo kwa sauti wanayotoa wakisugua mwiba wa pezi kwenye tundu lake. Spishi za Kongo kama Synodontis angelicus, mweusi wa zambarau mwenye madoa meupe, huuzwa ghali na ni wagumu mno kuzaliana kwenye tangi. Synodontis eupterus, kwa upande mwingine, huzalishwa kwa wingi na kwa sindano kwenye mashamba ya Florida, ya Ulaya Mashariki na ya Asia. Jike mmoja wa rahisi, dume mmoja wa ghali, na fundi anapata vifaranga kwa maelfu. Vifaranga hivyo havifanani na baba wala mama. Wala mnunuzi hawezi kushangaa, kwa sababu hata eupterus halisi akiwa mdogo ana michoro ya kahawia kama wavu, na akikua michoro hupotea yakabaki madoa. Kwa hiyo samaki wa sentimita 4 huuzwa kwa jina lolote litakalolipa, na jibu la "subiri akue atabadilika" huwa kweli kiasi cha kutosha kuufunika uongo.

Kundi la pili ni la majitu. Kambare mkia mwekundu wa Amazoni, Phractocephalus hemioliopterus, hupandishwa na Pseudoplatystoma mwenye mistari na mdomo bapa, akatoka samaki mwenye milia ubavuni na mkia wa rangi ya kutu. Huuzwa akiwa na sentimita 8 au 10, mrembo kwelikweli, na wazazi wake wote wawili hupita urefu wa mita moja. Tangi la hoteli la mita moja kwa nusu kwa nusu ni lita 250. Akilishwa vizuri, kabla ya mwaka wa pili kwisha samaki huyo hawezi kugeuka ndani yake, na kabla ya hapo atakuwa ameshameza kila mwenzake anayeingia mdomoni. Huyu haleti utata wa utambulisho, kwa kuwa kila anayemjua anajua ni chotara. Shida yake ni mwenyewe anapochoka naye. Nitamrudia.

Upande wa wanaotaka marufuku una hoja moja nzito na moja nyepesi. Nzito ni hii: samaki wa tangini aliye na ukoo unaojulikana ni akiba. Mfano bora ni Hypancistrus zebra, kambare mdogo mwenye milia myeupe na myeusi kama punda milia, wa mto Xingu, Brazil, anayejulikana kwa namba L046. Namba hizo za L zilianzishwa na jarida la Kijerumani mwaka 1988 ili wafugaji waweze kuwataja kambare wenye magamba ya mfupa ambao wanasayansi walikuwa hawajawapa majina. Huyu alipewa jina lake la kisayansi mwaka 1991. Eneo lake la mto likabadilishwa na bwawa la umeme la Belo Monte, na mwaka 2022 akaingizwa katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Samaki wa namna hii, ambaye kwao kumeharibika, idadi kubwa iliyo salama huenda ikawa ni ile iliyo ndani ya vioo vya watu. Akipandishwa na Hypancistrus mwingine wa karibu, kisha watoto wakauzwa kama halisi, akiba hiyo inatiwa maji kama maziwa ya mchuuzi. Hakuna kipimo cha macho kitakachozirudisha koo hizo. Wanaosema hivi wako sahihi, na mfanyabiashara anayewacheka hajafikiria sawasawa.

Hoja yao nyepesi ni kwamba uchotara ni kinyume cha maumbile. Maumbile yenyewe hayakubaliani nao. Uchunguzi wa jeni wa furu wa Ziwa Victoria, wale samaki wadogo wa spishi mamia, umeonyesha kwamba ukoo wao mkubwa ulianza kwa mchanganyiko wa koo mbili za mito tofauti, yapata miaka 150,000 iliyopita. Mchanganyiko huo ndio uliowapa utajiri wa rangi na taya. Tukiita chotara uchafu, basi tumeliita ziwa zima uchafu.

Wafanyabiashara nao wana lao la maana. Samaki aliyezalishwa bwawani hakuvuliwa mtoni, hakusafirishwa siku nne ndani ya mfuko, na mara nyingi hula chakula cha vidonge tangu utotoni. Kwa anayeanza ufugaji, chotara wa eupterus ni samaki mzuri: anavumilia maji ya kisima ya Malindi yenye chokaa nyingi kutokana na mwamba wa matumbawe, haugui ovyo, na ataishi miaka mingi. Mtu akimtaka hivyo, kwa jina lake hilo la chotara, sioni wa kumzuia.

Lakini hoja ya baghala haisimami, na ndiyo inayorudiwa sana, pengine kwa sababu pwani yetu inawajua punda. Lamu isiyo na punda si Lamu. Punda ana kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba jeni, 62, farasi 64, na mtoto wao hupata nusu ya kila mmoja, 31 na 32, jumla 63, ambazo hazipangiki jozi vizuri. Kwa hiyo baghala karibu wote ni tasa. Watu wameichukua kanuni hiyo ya zizini wakaipeleka majini. Kambare Clarias gariepinus ana kromosomu 56 na Heterobranchus longifilis ana 52. Chotara wao ana 54. Hesabu ya namba tu haitoshi kumfanya samaki awe tasa au mzazi, na samaki kwa ujumla ni wavumilivu wa michanganyiko kuliko wanyama wa miguu minne. Chotara wa spishi mbili za Pseudoplatystoma huko Brazil wanazaa, na wamepatikana kwenye mito walikotorokea.

Thailand inatupa somo la karibu zaidi, kwa kuwa mmoja wa wazazi ni kambare wetu wenyewe. Tangu miaka ya mwisho ya 1980 wafugaji wa huko wamekuwa wakipandisha jike wa kienyeji, Clarias macrocephalus, ambaye nyama yake inapendwa, na dume wa gariepinus kutoka Afrika, anayekua haraka. Chotara wao alitawala soko la kambare. Uzazi wake ni hafifu, na hilo lilitumika kama kinga: hatazaa, hatadhuru. Baadaye watafiti waliopima macrocephalus wa porini walikuta jeni za Mwafrika ndani yao. Iwe zilipita kwa chotara aliyetoroka au kwa dume wa Kiafrika mwenyewe, matokeo ni hayohayo. Uzazi hafifu wa samaki anayetaga mayai elfu 60 bado ni uzazi. Asilimia moja ya mayai hayo ni vifaranga 600.

Hapa ndipo mjadala wetu unapopaswa kuachana na ule wa Ulaya. Mto Athi huteremka ukaitwa Galana, kisha Sabaki, ukaingia baharini kaskazini ya mji wa Malindi. Kaskazini zaidi kuna mto Tana na delta yake, unaoingia baharini Kipini, mlangoni pa kaunti ya Lamu. Mito hii ina kambare wake. Gariepinus yumo. Synodontis serpentis, aliyepewa jina mwaka 1962, ni wa Athi na Tana. Synodontis manni, aliyetambuliwa mwaka 2001 tu, anajulikana kutoka Tana. Mjerumani anayefuga chotara wa Synodontis ana tatizo la jina. Mkazi wa Mambrui, karibu na Sabaki, anayefuga samaki huyohuyo kwenye bwawa la nyuma ya nyumba ana tatizo la jina na la jirani, maana jirani wa samaki wake ni binamu aliye mtoni.

Mtu atasema bwawa si mto. Sabaki imeshajibu: ilifurika wakati wa El Niño ya 1997 na 1998, na kaunti za Tana River na Kilifi zikapata mafuriko tena mwishoni mwa 2023 na mwaka 2024. Maji yakipanda, ukuta wa bwawa la nyumbani wa nusu mita haumzuii samaki yeyote, na Clarias hahitaji hata mafuriko. Ana kiungo cha kupumulia hewa juu ya matamvua, na usiku wa mvua hutambaa kwenye nyasi kwa miiba yake ya kifuani. Florida waliliona hili. Kambare weupe wa jamii ya Clarias waliingizwa kutoka Thailand kwa ajili ya matangi miaka ya 1960, wakatoroka mabwawa ya wafanyabiashara, na leo wameenea kusini yote ya jimbo hilo. Wengi wao si weupe tena. Weupe huonekana upesi na ndege, wakaliwa, wakabaki wa rangi ya matope. Anayeuza kambare mweupe mwenye macho mekundu kwa kusema "huyu wa urembo tu, porini haishi" anasema kweli juu ya rangi yake, na jeni nyingine zote amezinyamazia.

Ni haki pia kupima hatari bila kuikuza. Majitu ya Amazoni hayana jamaa wa kuoana naye Sabaki. Yatakula samaki wa watu, lakini hayatachanganya damu. Synodontis chotara ana kizingiti kingine: kilichomzalisha ni sindano, na mtoni hakuna wa kumchoma, kwa hiyo atalazimika kupata mwenza kwa tabia zake mwenyewe ambazo huenda hazikukamilika. Uwezekano upo, si mkubwa. Ila spishi mbili za Ziwa Tanganyika, multipunctatus na petricola, hutaga tangini bila sindano, na wakiwekwa pamoja huweza kupandana. Hatari kubwa kwa mito ya pwani ni Clarias wa kila aina, mweupe au chotara, kwa sababu jamaa zake wamo kila dimbwi na hutaga kwa urahisi mvua zikianza. Ningekuwa na nafasi ya kuzuia jambo moja tu, ningezuia hilo na kuwaacha wenye Synodontis waendelee na ugomvi wao wa majina.

Lamu kisiwani mambo ni tofauti kidogo, na hilo halisemwi. Mji wa Lamu hauna mto. Maji yake matamu hutoka chini ya machanga ya Shela. Samaki wa maji matamu akimwagwa pale hukuta mkondo wa chumvi na mwisho wake ni huo. Nyumba za zamani za mawe zilikuwa na birika la maji lenye visamaki vidogo vya kula viluwiluwi vya mbu, karne nyingi kabla ya mtu kuota tangi la kioo, na havikuleta balaa. Lakini kaunti ya Lamu si kisiwa pekee. Mpeketoni kuna Ziwa Kenyatta, maji matamu, na tangi la kisiwani huweza kupanda mashua na kisha pikipiki likafika huko kwa nusu siku. Malindi nako kuna Jilore, ziwa linalolishwa na Sabaki yenyewe. Hivyo swali la kumuuliza mnunuzi ni tangi lake litakuwa wapi na, akichoka, maji ya karibu ni yapi.

Kwa muuzaji, kinachotakiwa ni kidogo kuliko marufuku. Aandike wazazi, mama kwanza na baba baadaye, kama wafugaji wa kambare wa kula wanavyofanya, kwa sababu chotara wa mama huyu na baba yule si sawa na kinyume chake. Asipojua aandike "hajulikani" na ateremshe bei. Kwa Synodontis apige picha nne: ubavu, juu ya kichwa, tumbo, na mfupa wa bega ule wenye ncha nyuma ya matamvua. Picha ya ubavu peke yake ndiyo inayodanganya. Mfano ni huohuo wa Tanganyika: multipunctatus halisi ana tumbo jeupe lisilo na madoa na macho makubwa, petricola na mwenzake lucipinnis wana madoa hadi tumboni. Samaki mwenye jicho kubwa na madoa yaliyotawanyika nusu tumbo, machache na ya ukubwa usiolingana, atiliwe shaka. Umbo la mfupa wa bega, matawi ya sharubu za chini na idadi ya meno ya taya ya chini ndivyo wanasayansi wanavyotumia kuzitenga spishi. Chotara huwa katikati ya vipimo hivyo, au upande mmoja wa mwili hutofautiana na mwingine. Na mwenye kufuga hawa wa Tanganyika, ambao maji yetu magumu yanawafaa sana, asiwachanganye spishi mbili tangi moja ikiwa ana nia ya kuuza vifaranga.

Serikali nayo haihitaji kutunga jipya. Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016 inataka kibali kwa anayeingiza samaki hai nchini. Kinachokosekana ni mkaguzi wa kumfungulia mfuko na kumtazama samaki tumbo, maana karatasi iliyoandikwa "samaki wa mapambo, vipande 200" haimwambii mtu chochote. Orodha fupi ya jamii zisizouzwa hai kwa mtu wa kando ya Sabaki na Tana, Clarias wa kigeni na chotara wake wakiwa wa kwanza, ingefanya kazi kuliko tangazo la jumla ambalo kila mtu atalikwepa.

Inabaki habari ya samaki aliyekua akazidi tangi, yule wa mkia wa rangi ya kutu niliyeahidi kumrudia. Kumhamisha kuna mashaka yake. Asivuliwe kwa wavu, kwa kuwa miiba ya kifuani na mgongoni hujifunga wima na kunasa nyuzi, na kumtoa ni kuchana ama wavu ama ngozi. Wavuvi wa hongwe, kambare wa baharini, wanajua kwa nini mwiba huvunjwa kabla ya kitu kingine chochote. Atolewe kwa ndoo au karai, na akisafirishwa awekwe kwenye pipa la plastiki lenye kifuniko, asitiwe kwenye mfuko ambao ataupasua njiani. Apewe mwenye hodhi la saruji lililojengwa juu, mbali na mafuriko. Asipopatikana wa kumpokea, asipelekwe Jilore wala Sabaki, na asigandishwe kwenye friji akiwa hai, maana hiyo ni adhabu ndefu. Dawa yake iko duka lolote la pwani: mafuta ya karafuu. Nusu mililita kwa kila lita ya maji ya ndoo. Itikiswe kwanza kwenye chupa yenye maji ya uvuguvugu mpaka iwe nyeupe kama tui, kwa sababu mafuta hayachanganyiki yenyewe, kisha imiminwe kidogokidogo. Samaki atalala ubavu kwa dakika chache. Kambare ana roho ngumu, na matamvua yakisimama bado asitolewe. Angojewe nusu saa nzima, kisha azikwe mbali na mfereji.